Upande wa Babu

Mgeni aliingia kinyumenyume. Mlango wa karakana ulisukumwa na mgongo, kikatangulia kisigino kimoja, kikafuata cha pili, ndipo mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kijivu akageuka na kuwatazama waliokuwa ndani kana kwamba wao ndio waliokosea njia.

"Samahani," akasema. "Mkono huu siku hizi haufungui milango. Nimejifunza kutumia viungo vingine."

Mzee aliyekuwa amekaa dirishani, akilainisha kipande cha mbao kwa msasa, hakukosa la kusema. "Karibu sana. Tumezoea wateja wanaotoka wametupa mgongo. Wa kuingia hivyo, wewe ni wa kwanza."

Binti yake alifunika kopo la gundi, akajifuta mikono kwenye aproni na kumvutia mgeni kiti. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na hawakuwa wakimtarajia mtu. Kusema kweli, siku nyingi hawakuwa wakimtarajia mtu. Maduka yalijaa magitaa ya kiwandani yanayong'aa kama sahani mpya, na wengi waliofika pale karakana walikuja kubandikiwa kilichobanduka. Aproni ile ilikuwa ya mzee. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, aliificha kwanza mifukoni, halafu nyuma ya mzaha. Na siku patasi ilipomponyoka mara ya pili, alivua aproni akamvika binti yake bila hotuba yoyote. Tangu hapo wateja wakamwita binti Fundi. Baba peke yake ndiye aliyeendelea kumwita "mama," kama alivyomwita tangu akiwa wa kubebwa.

Mgeni hakueleza shida yake. Alikwenda kwenye gitaa lililoning'inia ukutani, akaliomba kwa macho, akakaa nalo. Mkono wa kushoto ulishika shingo ya gitaa kwa wepesi wa mtu anayefungua kufuli la nyumbani kwake. Wa kulia ndio uliogoma. Kila alipojaribu kuupitisha juu ya sanduku, bega lilipanda mpaka karibu na sikio, na uso wake ukajikunja.

"Mmeona?" akasema. "Nilianguka kwenye ngazi mwaka jana, bega likavunjika sehemu tatu. Daktari anasema limepona. Ila daktari hapigi gitaa."

"Na wewe unapiga wapi, mama yangu?" Fundi akauliza.

"Wodini. Mimi ni mkunga, miaka thelathini na moja. Usinione hivi, sijawahi kupanda jukwaani na sitapanda. Lakini mama anayesubiri kujifungua akibana pumzi kwa woga, ukimpigia polepole, mwisho wake anapumua pamoja na wewe. Nimestaafu mwezi uliopita. Wakaniambia, tafadhali, uwe unakuja kutupigia. Nikasema nitakuja." Alilitazama sanduku lililokuwa limemkaba kifuani. "Sasa naenda na nini? Dukani wamenipa lile dogo la watoto. Linalia kama kopo la maziwa."

Fundi alikuwa anauangalia mkono ule, jinsi ulivyoishia sentimita tano tu kabla ya kufika ulipotaka. Sentimita tano. Ikamrudia ile hamu iliyokuwa ikimnyima utulivu kwa miaka mitatu kila alipokata mbao kwa umbo la baba yake, lile lile, bila kuongeza wala kupunguza.

Nyuma ya meza ya kazi zilining'inia kalibu saba, mbao nyembamba zilizokatwa umbo la mwili wa gitaa, na kila moja ilikuwa na maneno ya penseli. *Kwa tumbo la Mpishi*: hapo kiuno kilibanwa zaidi, kwa sababu mpishi mmoja mnene alilalamika kwamba gitaa linamteleza mapajani. *Kwa vidole vya Karani*: hapo bega moja lilikatwa ili karani wa posta mwenye vidole vifupi azifikie sauti za juu. *Kwa Bibi wa Kwaya*: hapo tundu lilisogezwa na sanduku likapanuliwa, maana bibi yule hakutaka kusikia habari za vipaza sauti. Ya mwisho ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

"Wote hao uliwabunia wewe, Mzee?" Mkunga akauliza alipoona Fundi anazitazama.

"Mimi sijawahi kubuni kitu. Watu wanakuja na miili yao, mimi nafuata. Niliponyoosha mkono kubadili umbo kwa mara ya kwanza, mwalimu wangu alininunia wiki nzima. Wiki ya pili akaja kuniazima kalibu."

"Baba," Fundi akasema taratibu, "tukiufanya mwili uwe kabari?"

Msasa ukasimama.

"Uwe mwembamba huku juu, mkono unapopita," akaendelea, akichora hewani kwa kidole, "halafu mnene huku chini, pajani. Tunachopunguza huku tunakirudisha kule. Hewa ya ndani inabaki ile ile, kwa hiyo halitalia kama kopo."

"Mgongo utalala mshazari."

"Utalala."

"Na mbavu za ndani zote zikatwe upya, kila moja kwa kimo chake. Na sauti itakwendaje?"

"Sijui."

"Haya," mzee akasema akirudia msasa wake. "Angalau hujamdanganya mteja."

Wakakubaliana wiki tano. Mkunga alikuwa ameshafika mlangoni, ameutafuta kwa mgongo, aliposimama tena.

"Nina ombi moja dogo. Likiisha, asilipige mtu kabla yangu. Hata wewe."

Fundi akacheka. "Mama yangu, nitajuaje kama linalia?"

"Tutajua pamoja." Mkunga aliinamisha macho. "Nitakwambia ukweli, mwanangu. Mwaka mzima nimekuwa natazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Kama utakuwa umeshalipiga likalia vizuri, halafu kwangu likagoma, nitajua kosa ni langu. Kama hajalipiga mtu, tutakuwa na pa kuanzia, mimi na wewe. Isitoshe, nimepokea watoto wengi. Sauti ya kwanza hatuifanyii majaribio."

"Nakuahidi," Fundi akasema. Wakati ule lilikuwa neno jepesi.

Katika karakana ile kulikuwa na maneno mawili yaliyopigwa marufuku: kulia na kushoto. Sanduku la gitaa hujengwa likiwa limelazwa kifudifudi, na ukiligeuza, kulia kumekuwa kushoto, na mbao iliyokwisha kukatwa haipokei samahani. Kwa hiyo mzee aliupa kila upande jina lake. Uzi mnene kuliko wote, wenye sauti nzito, ulikuwa Babu. Mwembamba wa mwisho ulikuwa Kitindamimba. Kila kitu kilikuwa ama upande wa Babu ama upande wa Kitindamimba, hata meza, hata rafu za ukutani; Fundi alikuwa na miaka saba alipoulizwa shuleni mkono wake wa kulia ni upi, akajibu kwamba inategemea amelala vipi.

Siku ile, kwa furaha, alisahau. Mkunga alipoondoka tu alichukua daftari, akachora uso wa gitaa kama lilivyoning'inia ukutani, akaweka mshale palipotakiwa kupunguzwa na kuandika: *punguza kushoto*.

Alifanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alichagua ubao wa uso, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akaupiga randa kidogo, akaugonga tena, mpaka mlio wake ukatoka kwenye ubishi ukawa mazungumzo. Alilowesha mbao za kuta, akazikunja juu ya bomba la moto, akazibana kwenye kalibu mpya, zikakaa humo siku nne. Akabandika uso kwenye kuta, kifudifudi. Kisha akafungua daftari, akasoma, akachukua randa na kuupunguza ukuta wa kushoto.

Jioni baba yake alinyanyuka, akaliinua lile sanduku lisilo na mgongo bado, akalikumbatia kama anayetaka kupiga. Akakaa, akapitisha mkono juu yake.

"Mama," akasema, "huyu mkunga wako anapiga kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu. Maana hapa umemtengenezea ndugu yake anayepiga kwa kushoto."

Fundi alilichukua, akalipakata, na mkono wake wa kulia ukakutana na ukuta ule ule mrefu, mkaidi, haujaguswa. Wembamba ulikuwa chini, upande wa Kitindamimba, pajani, ambako haukumsaidia mtu. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akaenda kulitazama daftari, akaliona neno lenyewe limekaa pale kwa mwandiko wake mzuri wa shule, akataka ardhi impasukie.

"Wiki mbili zimekwenda," akasema.

"Wiki mbili na nusu," baba akamsahihisha. "Mbao nyingine za kuta ziko kwenye rafu ya juu. Upande wa Babu."

Fundi hakucheka siku ile. Kesho yake, akiwa amekaa na mvuke wa bomba usoni, ndipo alipomsikia baba yake dirishani akijichekea peke yake, "Ndugu yake wa kushoto," na yeye naye akashindwa kujizuia.

Mkunga alipita siku moja kuangalia. Hakuambiwa asiguse, ila mwenyewe aliificha mikono nyuma. Aliinama, akaweka sikio kwenye uso wa sanduku jipya, macho yamefumbwa, kama alivyofanya juu ya matumbo ya watu kwa miaka thelathini na moja.

"Amelala vizuri?" mzee akauliza.

"Ametanguliza kichwa," Mkunga akasema, na wote watatu wakacheka mpaka vumbi la mbao likawapalia.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Fundi hakumwambia Mkunga, na wiki mbili na nusu zile zilizopotea ndizo zilizolifanya liwe zito. Chuo kimoja cha muziki kilikuwa kimeandika barua. Mkuu wake angepita mwisho wa mwezi kuziona karakana tatu, achague moja ya kuwatengenezea wanafunzi wake magitaa kumi na mawili. Kumi na mawili ni kazi ya mwaka mzima, na zaidi ya kazi, ni wanafunzi kumi na wawili ambao wangejifunza wakiwa wamekumbatia mwili alioufikiria yeye. Alikuwa amepiga hesabu kwamba Mkunga atakuwa ameshachukua chake kabla ya hapo. Sasa gitaa lilimalizika Ijumaa asubuhi, Mkunga angekuja saa kumi akitoka kufanya mazoezi ya bega hospitalini, na mkuu wa chuo aligonga mlango saa saba mchana.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho anaposikiliza, hata watu wakizungumza tu. Alipiga gitaa la umbo la zamani la mzee, mwanzo hadi mwisho wa wimbo, akafumbua macho.

"Ni zuri," akasema. "Ni zuri sana. Lakini niwe mkweli, Fundi, nimesikia la namna hii jana. Na kesho nitasikia jingine." Ndipo macho yake yakatua mezani. "Na lile?"

Lilikuwa limelala juu ya blanketi, vanishi imekauka, nyuzi zimevalishwa lakini zimelegea, hazijakazwa hata moja. Alilizunguka. Akainama, akaona jinsi mgongo ulivyoteremka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Akapitisha mkono juu, bila kuuliza, na mkono ukashuka wenyewe mahali pake.

"Aisee," akasema kwa sauti ndogo. "Nina wanafunzi wasichana wanaomaliza somo wakijikanda mabega. Nani kafikiria hili?"

"Huyo huyo aliyesimama mbele yako," mzee akasema, na kidevu chake kikapanda kidogo.

"Likaze tulisikie."

Fundi alisogea mbele ya meza. "Haliwezi kupigwa leo kabla ya saa kumi, Mwalimu. Mwenyewe anakuja. Nimemwahidi atalipiga yeye kwanza."

Mkuu wa chuo alitabasamu, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Basi langu linaondoka saa tisa."

"Naomba nimpigie simu."

Akaingia stoo, katikati ya mbao zilizosimama, akapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa, wodi za mazoezi ndivyo zilivyo. Alibaki amesimama na simu mkononi. Nani angejua? Nyuzi tatu nne, nusu dakika, kisha azilegeze tena. Mkunga angeingia saa kumi, angelipiga, angefurahi, na asingepungukiwa na kitu. Na yeye mwenyewe alikuwa na kiu ya kulisikia, kiu iliyomfanya aamke siku hizi kabla ya jogoo. Akakumbuka uso ulioinama pale mlangoni. Tutakuwa na pa kuanzia, mimi na wewe. Kama angelisikia sasa, saa kumi angekuwa amesimama mbele ya yule mama akijua jibu, akimtazama kama mtahini.

Alipotoka, baba yake alikuwa ameshapata wazo. "Mama," akasema polepole, asimtazame, "pengine uzi mmoja tu. Babu peke yake."

Hakuwa amewahi kumkatalia baba yake mbele ya watu. "Baba, hata Babu."

Akaweka kiganja chake juu ya zile nyuzi zilizolegea, akakiacha pale.

"Umemwahidi mteja mmoja," mkuu wa chuo akasema, bila hasira. "Mimi nina wanafunzi kumi na wawili."

"Najua, Mwalimu."

"Na wewe hujalisikia?"

"Sijalisikia."

"Kwa hiyo hujui hata kama linalia."

"Sijui," Fundi akasema. "Ukisubiri mpaka saa kumi tutajua wote."

Mkuu wa chuo alitazama saa yake, kisha gitaa, kisha saa tena. Akawashika mikono wote wawili kwa heshima. "Nitawaandikia," akasema, kwa ile sauti ya watu wasioandika, akafungua mlango na kwenda zake.

Fundi akafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Alingoja baba yake aseme neno. Mwishowe mzee alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kalibu mpya, ile ya nane, iliyokuwa imeegeshwa tu chini, akavuta penseli nyuma ya sikio la binti yake.

"Sauti yake siijui," akasema, "lakini sababu yake naijua."

Ilimchukua muda mrefu kuandika. Mkono ulimcheza, herufi zikayumba kama watu waliotoka sherehe, lakini zilisomeka: *Kwa bega la Mkunga*. Akaitundika mwenyewe kwenye msumari, mwisho wa mstari, upande wa Kitindamimba. Halafu akachukua kile kipande cha mbao alichokuwa akikilainisha wiki zote zile, ambacho Fundi hakuwahi hata kuuliza ni cha nini, akaenda mlangoni. Kilikuwa kabari. Akaufungua mlango wazi kabisa, akainama kwa taabu na kuisukumiza chini yake.

Kwa hiyo saa kumi na dakika kumi Mkunga aliingia akiwa ametanguliza uso, kama watu wengine. Alisimama kizingitini, akautazama mlango, akaitazama ile kabari, akamtazama mzee. Alivua koti lake akakaa.

Fundi alimwekea gitaa mapajani. Mkono wa kulia ulipita juu ya upande wa Babu na kushuka. Bega halikupanda popote. Mkunga aliushangaa mkono wake kama mgeni aliyefika bila kukosea njia.

"Nyuzi bado hazijakazwa," Fundi akasema, akipiga magoti mbele yake. "Wewe utagusa, mimi nitakaza. Polepole tu."

"Hajalipiga mtu?"

Fundi akaliwazia basi la saa tisa, ambalo sasa lilikuwa limeshatoka nje ya mji.

"Hajalipiga mtu," akasema.

Akashika ufunguo wa kukazia uzi wa Babu. Mkunga akavuta pumzi, akaitoa, akaweka kidole gumba na kukiachia. Kwanza ukatoka mgumio tu, uzi uliolegea ukilalamika. Fundi akazungusha, kidole kikagusa tena, mlio ukapanda ngazi moja, ukapanda nyingine, ukafika. Ulitoka mzito na wazi, ukapita kwenye meza, kwenye vishikio vya patasi, kwenye magoti ya Fundi yaliyokuwa sakafuni. Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya meza ili ausikie vizuri, na kwa muda wote ule mlio ulipokuwa ukiisha, hakuna aliyesogea.

"Mwingine," Mkunga akasema.